Padre Libermann, Mwandani wa Wenye Dhiki

Mwaka 1863 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipokea misheni ya Zanzibar, ambayo leo ni jimbo linalobeba pia waamini wachache wa Pemba. Baba yao wa kiroho, François Libermann, alikuwa amekwisha kufariki. Yafaa tumjue, kwani alijifunza kuwasaidia waliovunjika moyo akiwa mgonjwa mwenyewe.

Alizaliwa Saverne, Ufaransa, mwaka 1802, mtoto wa rabi wa Kiyahudi. Alibatizwa Paris mkesha wa Noeli, 1826, akaingia seminari ya Saint-Sulpice. Mwaka 1829, akikaribia ushemasi mdogo, alianguka kifafa. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule, mwenye kifafa hakupewa Daraja. Wenzake wakapadrishwa, yeye akabaki seminarini, na baadaye huko Issy akamsaidia mhasibu.

Uso wake ulikuwa mtulivu, hata mtu mmoja mwenye dhiki akadhani kwamba hajui mateso. Libermann akamfunulia siri: kila avukapo daraja hujiwa na wazo la kujitupa majini, na chumbani hathubutu kuacha kisu. Hakumkemea mwenzake, wala hakumhubiria. Alimwonyesha kwamba hayuko peke yake.

Tangu hapo hadi kufa kwake aliandika mamia ya barua za kuwaongoza watu. Aliwasihi wasipambane na huzuni kwa nguvu na hasira, bali wawe wapole kwa nafsi zao, wasiharakishe, wamtegemee Mungu siku kwa siku. Kila mmoja alimchukua kama alivyo.

Kifafa kilipotulia, alipadrishwa tarehe 18 Septemba 1841, akaanzisha shirika la kuwahudumia Waafrika na watumwa waliokombolewa. Mwaka 1848 liliungana na Shirika la Roho Mtakatifu. Alifariki Paris tarehe 2 Februari 1852, na baadaye Kanisa likamtangaza Mheshimiwa.

Mseminari atakayetumwa Chake Chake au Wete atakutana na kijana aliyenaswa na unga, au mama asiyelala kwa mawazo. Asiwe mwepesi kusema ni pepo au imani haba. Akae, asikilize, aulize waziwazi kama mtu anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Akiona hatari, asimwache peke yake. Aondoe kisu, kamba, sumu na dawa, awaite ndugu, ampeleke hospitali. Kwa matibabu zaidi ya akili kuna Kidongo Chekundu, Unguja. Mtumiaji wa unga akirudia, asifungiwe mlango.

Sala na Sakramenti hazishindani na dawa. Libermann hakuponywa kwanza ndipo asaidie. Alisaidia angali njiani. Nasi tusingoje kuwa mabingwa ndipo tukae na jirani yetu usiku wake mgumu.