Wilkie Collins: Mwandishi wa siri za familia aliyekuwa na siri nyumbani kwake

Msomaji anayetafuta riwaya ya kumkosesha usingizi, yenye wosia uliofichwa, ndoa yenye kasoro na ndugu wasioaminiana, atafanya vyema kuanzia kwa William Wilkie Collins, Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1889. Vitabu vyake vingali vinachapishwa na kusomwa. Nyuma yake yapo maisha ya mtu aliyeyajua vilivyo mambo aliyoyaandika, kwani siri za namna hiyo hazikukosekana nyumbani kwake.

Collins alizaliwa Januari 8, 1824 jijini London. Baba yake, William Collins, alikuwa mchoraji mashuhuri wa mandhari na mtu aliyeshika sana dini, ambaye alitamani mwanawe awe kasisi. Kijana hakuvutiwa na wito huo. Akapelekwa katika ofisi ya wafanyabiashara wa chai, na huko alitumia muda mwingi kuandika hadithi kuliko kuhesabu shehena. Mwaka 1846 alianza kusomea sheria, na mwaka 1851 akakubaliwa kuwa wakili, kazi ambayo hakuwahi kuifanya.

Hata hivyo, elimu ya sheria haikupotea bure. Katika mwaka huohuo wa 1851 alikutana na Charles Dickens, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana, na Collins akawa mmoja wa waandishi wa majarida ya rafiki yake. Humo ndimo ilimotoka kwa mfululizo, kuanzia Novemba 1859 hadi Agosti 1860, riwaya iliyompatia jina, The Woman in White. Mapema katika kisa hicho, mwalimu wa uchoraji anaguswa begani usiku wa manane, katika barabara ya kwenda London, na mwanamke aliyevaa mavazi meupe matupu. Baadaye inabainika kuwa mwanamke huyo ametoroka hospitali ya wendawazimu, na kwamba anafanana mno na binti tajiri anayekaribia kuolewa na mtu mwenye jambo la kuficha. Jambo lenyewe halifai kufichuliwa hapa. Itoshe kusema kuwa limelala katika daftari la ndoa la kanisa la kijijini. Hadithi inasimuliwa na mashahidi mbalimbali, kila mmoja akieleza alichokiona tu, kama ilivyo mahakamani. Hapo ndipo uwakili wake ulipozaa matunda.

Wakati huo Collins alikuwa akiishi na Caroline Graves, mjane mwenye binti mdogo. Ipo simulizi mashuhuri inayodai kuwa Caroline ndiye mwanamke mweupe wa kweli, aliyekutwa usiku akikimbia kutoka katika jumba moja la London. Inapendeza kusikiliza, lakini waandishi wa maisha ya Collins hawaiamini sana. Lisilo na shaka ni kwamba Collins hakumwoa Caroline, wala hakuwahi kumwoa mwanamke yeyote.

Ndiyo maana riwaya yake ya mwaka 1862, No Name, inastahili kusomwa kwa makini zaidi, ingawa wengi huiruka. Mabinti wawili waliolelewa katika raha wanafiwa na wazazi wote wawili, na baada ya mazishi wanaambiwa na wakili kuwa wazazi hao hawakuwa wamefunga ndoa wao walipozaliwa. Wazazi walikuja kuoana baadaye, lakini ndoa hiyo ilibatilisha wosia wa baba ulioandikwa awali, naye akafa katika ajali ya treni kabla ya kuandika mwingine. Mali yote inakwenda kwa ami yao asiyewajali. Huo haukuwa ubunifu wa mwandishi. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimhesabu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuwa si mtoto wa mtu yeyote, na wazazi kuoana baadaye hakukumsaidia. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1926.

Armadale, iliyofuata katikati ya miaka ya 1860, ni ndefu na ina mikasa mingi kuliko inavyohitaji, lakini mwanamke mwovu aliyemo humo hasahauliki.

The Moonstone ilitoka mwaka 1868. Almasi iliyoporwa India na afisa wa Kiingereza mwaka 1799 inakabidhiwa kwa msichana siku anapotimiza miaka 18, na asubuhi yake haipo. Nguo ya kulalia inayotafutwa katika riwaya hiyo ina asili yake katika mauaji ya kweli ya mtoto wa miaka mitatu, yaliyotokea mwaka 1860 katika nyumba ya familia moja yenye heshima. Sajenti Cuff, mpelelezi wa riwaya, alimtangulia Sherlock Holmes kwa takriban miaka 20. Wasomaji waliokua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni mwaka 1960 kupitia Mzimu wa Watu wa Kale, watautambua ukoo huo mara moja.

Kitabu hicho kiliandikwa katika mateso. Collins aliugua jongo lililomshambulia hadi machoni, mama yake alifariki dunia Machi mwaka huo, na maumivu aliyatuliza kwa dawa ya maji yenye afyuni, ambayo hakuweza kuiacha tena. Oktoba, Caroline akaolewa na mwanamume mwingine. Collins alihudhuria harusi.

Tayari alikuwa na uhusiano na Martha Rudd, msichana kutoka Norfolk. Kati ya mwaka 1869 na 1874 walizaa watoto watatu. Alipokuwa kwao alijiita Dawson, naye Martha akaitwa Bibi Dawson. Baada ya miaka kama miwili hivi Caroline alirejea, na tangu hapo Collins akawa na nyumba mbili, si mbali sana, bila kuoa katika yoyote.

Vitabu vya miaka yake ya mwisho vinahubiri kuliko vinavyosimulia, na msomaji mgeni anaweza kuvisubirisha. Lakini aliyeandika No Name hakusahau sheria inasemaje. Katika wosia wake aliwatambua waziwazi watoto wa Martha kuwa ni wake, na mali akaigawa kwa familia zote mbili.

Alifariki dunia Septemba 23, 1889, akazikwa katika makaburi ya Kensal Green, London. Caroline alipofariki mwaka 1895, alizikwa katika kaburi hilohilo. Martha ndiye aliyelitunza baadaye, mpaka alipohama London. Alifariki mwaka 1919.