Guido wa Arezzo, Mwalimu wa Kuimba

Zamani, yapata miaka 1000 iliyopita, aliishi katika nchi ya Italia mtawa mmoja, jina lake Guido. Alizaliwa karibu na mwaka 991. Katika monasteri ya Pomposa alifundisha nyimbo za Kanisa.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Alama za siku zile zilionyesha kama sauti inapanda au inashuka, lakini hazikuonyesha kiasi gani. Basi mwanafunzi alisikiliza mwalimu tu, akaushika kila wimbo kichwani. Hata baada ya miaka 10, wimbo mpya ulimshinda bila mwalimu.

Guido akatafuta njia. Alipiga mistari, akaandika nota juu ya mistari na katikati yake. Kila mahali pakawa na sauti yake. Mstari mmoja aliupaka rangi nyekundu, mwingine manjano, ili macho yasipotee.

Tena alitumia wimbo wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Vifungu sita vya wimbo ule huanza kila kimoja juu kidogo kuliko kilichotangulia. Silabi zao za kwanza ni ut, re, mi, fa, sol, la. Aliyeujua wimbo alizijua sauti sita. Wanafunzi wakaweza kuimba wimbo wasiousikia kamwe.

Lakini wenzake wengine walimwonea wivu, na mkubwa wa monasteri akawasadiki. Guido akaondoka. Karibu na mwaka 1025 alipokelewa Arezzo na Askofu Theodaldus. Huko aliandika kitabu chake, Micrologus.

Sifa zake zikafika Roma. Papa Yohane XIX akamwita, akatazama kitabu chake cha nyimbo, na papo hapo akaimba mwenyewe mstari mmoja ambao hakuusikia kabla. Joto la Roma likamwuguza Guido, akaondoka. Ndipo mkubwa wa Pomposa alipokiona kitabu kile, akajuta, akamwomba arudi.

Baadaye ut iligeuzwa kuwa do, ikaongezwa si. Hata leo mwanakwaya wa Masisi au Walikale akianza do, re, mi, anafuata njia ya Guido. Asione haya kuanza na sauti chache: mwanzo wa ngoma ni lele.

Maswali
1. Kwa nini kujifunza kuimba kulichukua miaka mingi?
2. Mistari ilisaidia nini?
3. Mkubwa wa Pomposa alijuta kwa sababu gani?