Martin Luther King: aliingia chuo kikuu na miaka 15, bila kumaliza sekondari

Watu wengi wanamujua Martin Luther King kama muchungaji aliyepigania haki za watu weusi wa Marekani. Wachache ndio wanajua kama hakusoma mwaka wa mwisho wa sekondari. Aliingia chuo kikuu akiwa bado mutoto wa miaka 15.

Alizaliwa tarehe 15 Januari 1929 katika muji wa Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa muchungaji wa kanisa la Ebenezer. Nyumbani hawakukosa chakula wala vitabu. Lakini wakati ule sheria ya Georgia ilitenganisha wazungu na watu weusi: shule mbali, viti vya basi mbali. Shule za wazungu ndizo zilipata pesa nyingi za serikali.

King aliruka madarasa. Mwaka 1942, na miaka 13, aliingia Booker T. Washington High School, shule ya kwanza ya sekondari ya serikali iliyojengwa kwa ajili ya vijana weusi wa Atlanta. Wanafunzi walikuwa wengi kupita nafasi. Kila siku alivuka muji kwa basi, na viti vya mbele vilikuwa vya wazungu tu.

Mwezi wa Aprili 1944 alisafiri na mwalimu wake mpaka muji wa Dublin, kwenye mashindano ya kuhutubia. Alizungumuza juu ya watu weusi na Katiba ya Marekani. Wakati wa kurudi, wazungu walipanda basi, dereva akawaamuru wawili hao watoke kwenye viti. King hakutaka. Mwalimu akamuomba asimame ili wasipate matatizo. Walisimama mpaka Atlanta. King alisema baadaye kwamba hajawahi kukasirika namna ile.

Mwaka ule ule mulango mwingine ulifunguka. Vita ya pili ya dunia ilikuwa imechukua vijana wengi, na Morehouse College, chuo cha vijana weusi mjini Atlanta, kilibaki na wanafunzi kidogo. Mukubwa wa chuo, Benjamin Mays, hakutaka madarasa yabaki matupu. Chuo kikakubali kupokea wanafunzi wa darasa la 11, ikiwa watashinda mutihani wa kuingia. Kwa mwanafunzi wa Congo, ambaye bila diploma ya serikali haingii chuo kikuu, jambo hili linaweza kushangaza. King akafanya mutihani, akashinda, akaacha darasa la 12.

Kabla ya masomo kuanza, alikwenda pamoja na wanafunzi wa Morehouse kufanya kazi katika mashamba ya tumbako huko Simsbury, jimbo la Connecticut, ili kupata pesa za masomo. Kule kaskazini alishangaa kuona anaweza kula katika mukahawa wowote. Kisha, kwenye treni ya kurudi kusini, walimukalisha nyuma ya pazia wakati wa chakula.

Masomo yalipoanza, shida ikaonekana. Mutihani alikuwa ameshinda, lakini uwezo wake wa kusoma ulikuwa bado wa darasa la 8. Hakuwa mujinga: shule alizopitia hazikuwa zimemupa yote, na yeye mwenyewe alikuwa ameruka madarasa. Miaka yake pale Morehouse ilikuwa ya kulipa lile deni. Alama zake hazikuwa za juu. Lakini alisikiliza sana mahubiri ya Mays, na walimu wake walimuonyesha kwamba mutu anaweza kuwa muchungaji na msomi pia. Alipata diploma mwaka 1948, na miaka 19.

Kisha akaenda Crozer, shule ya wachungaji katika jimbo la Pennsylvania. Huko wanafunzi wengi walikuwa wazungu. Mwaka 1951 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake. Mwaka 1955 alipata udaktari wa teolojia katika Chuo Kikuu cha Boston. Miaka mingi baadaye, mwaka 1991, tume ya chuo hicho ilisema kwamba katika kitabu chake cha udaktari alichukua maneno ya wengine bila kuwataja, lakini hawakumunyanganya diploma.

Mwezi wa Desemba 1955, watu weusi wa Montgomery waliacha kupanda basi za muji wao, wakamuchagua King awaongoze. Alikuwa na miaka 26. Walitembea kwa miguu zaidi ya mwaka muzima, mpaka mahakama kuu ikaondoa utengano kwenye zile basi.

Aliuawa kwa risasi mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Siku ya mazishi, nyumbu wawili walivuta jeneza lake mpaka Morehouse. Benjamin Mays, aliyekuwa mukubwa wa chuo wakati King alipokelewa, ndiye alisimama kumuaga.