W.W.W. Awori: Aliwawakilisha watu wa mpakani kabla hawajapata kura

Mfanyabiashara anayevuka Busia asubuhi na magunia ya mahindi, akarejea jioni na bidhaa nyingine, hutii sheria za serikali mbili lakini hupiga kura upande mmoja tu. Miaka 70 hivi iliyopita hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani Mwafrika wa Kenya hakuwa na kura ya kumchagua mwakilishi Nairobi hata upande wa kwao. Huo ndio wakati Wycliffe Works Waswa Awori, aliyejulikana kote kwa herufi tatu za W.W.W., alipoingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Awori alizaliwa mwaka 1925 katika familia ya Kisamia ya Kanoni Jeremiah Musungu Awori na mkewe Maria. Baba huyo alikuwa miongoni mwa makasisi wa kwanza Waafrika wa Kanisa la Anglikana katika eneo hilo, na nyumba yake ilijaliwa watoto 17.

Wasamia wanaishi kando zote mbili za Mto Sio. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kando zote hizo zilihesabiwa kuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya yao iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1926, Awori akiwa bado mtoto mdogo, amri rasmi kutoka London iliuandika mpaka huo: Mto Sio kutoka ziwani, na Mto Malaba upande wa Tororo. Wasamia waligawanyika, na Wateso wa Malaba na Tororo vilevile. Shamba la kaka likawa Kenya, la mdogo wake Uganda.

Mhariri Nairobi

Awori alianza kujulikana kwa kalamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waafrika wengi wa Nairobi waliokuwa wamesoma walitaka magazeti yao wenyewe, katika lugha ambayo kuli wa reli na karani wangeielewa kwa pamoja. Awori alikuwa nyuma ya Radio Posta, gazeti la Kiswahili lililotoka kila siku mwishoni mwa miaka ya 1940, na pia Habari za Dunia. Radio Posta halikudumu. Gazeti la Mwafrika wakati huo lilikuwa na wasomaji wengi kuliko matangazo, na bila matangazo gharama za mtambo wa kuchapia hazilipiki.

Wakati huohuo alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kenya African Union, KAU, chama kilichoongozwa na Jomo Kenyatta tangu 1947.

Kiti bila kura

Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kufikia 1952 Waafrika walikuwa na viti 6, na Awori akapewa cha Nyanza Kaskazini, eneo lililoanzia nchi ya Kakamega hadi mpaka wa Uganda mkabala na Tororo. Walowezi wa Kizungu, waliokuwa wachache mno kwa idadi, walikuwa na viti 14 na waliwachagua watu wao kwa kura. Kwa Waafrika, majina yalipendekezwa na mabaraza ya wilaya, kisha gavana akateua.

Awori hakupata muda wa kuzoea kiti. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Kenyatta pamoja na viongozi wengine. Fanuel Odede aliyeshika uenyekiti wa KAU kwa muda naye alikamatwa Machi 1953. Awori alibaki miongoni mwa wachache waliokuwa huru kukisemea chama, huku kesi ya Kapenguria ikiendelea hadi Aprili, Kenyatta na wenzake 5 walipohukumiwa kifungo cha miaka 7. Juni 1953 KAU ilipigwa marufuku.

Tangu hapo alikuwa mjumbe asiye na chama. Hadi mwaka 1955 Waafrika hawakuruhusiwa kuunda chama chochote cha siasa, na ruhusa ilipokuja ilikuwa ya vyama vya wilaya tu. Mtu wa Busia hakuweza kisheria kuwa katika chama kimoja na mtu wa Mombasa. Mjumbe alisema barazani, lakini hakuwa na tawi la kumpelekea malalamiko ya wananchi wala la kuwarudishia majibu.

Kura ya kwanza

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe 8. Haikuwa kura sawa kwa wote. Elimu, mapato na mali ndivyo vilivyompa mtu sifa, na mwenye sifa nyingi aliweza kuwa na hadi kura 3. Hata hivyo, wananchi walikuwa wamepata nafasi ya kusema wenyewe.

Nyanza Kaskazini, Awori alipambana na Masinde Muliro, mwalimu kutoka Kimilili aliyerudi mwaka 1954 na shahada ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Muliro alishinda. Awori hakuanguka peke yake: Mathu aliangushwa na Bernard Mate, na B.A. Ohanga akaangushwa na Oginga Odinga. Kuketi katika baraza kwa uteuzi wa gavana katika miaka ya hali ya hatari kulikuwa mzigo mzito kwa mgombea yeyote, hata aliyekuwa kiongozi wa KAU.

Awori alifariki mwaka 1978. Miaka yake ya mwisho ilikuwa mibaya kwa mpaka wa kwao. Mwaka 1976 Idi Amin alidai kuwa magharibi ya Kenya ni ardhi ya Uganda, akirudia ramani ya kabla ya 1902. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika.

Ndugu wawili, mabunge mawili

Siasa haikutoka katika nyumba ya Kanoni Awori. Mdogo wake, Moody Awori, aliwakilisha Funyula katika Bunge la Kenya tangu miaka ya 1980, na Septemba 2003 akawa Makamu wa Rais. Mwaka huohuo mdogo wao, Aggrey Awori, alikuwa mbunge wa upinzani Kampala akiwakilisha Samia-Bugwe Kaskazini, ng'ambo ya pili ya mpaka. Alikuwa pia amegombea urais wa Uganda mwaka 2001. Wasamia walikuwa na ndugu katika mabunge mawili, lakini kila mmoja alijibu kwa wapiga kura wake.

Leo sheria nyingi zinazomgusa mfanyabiashara wa Busia na Malaba hazitungwi Nairobi wala Kampala. Sheria ya forodha ya mwaka 2004 ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha. Utaratibu rahisi wa biashara kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 nao ni wa Jumuiya, na katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo chini ya paa moja.

Wabunge wa Arusha, 9 wa kuchaguliwa kutoka kila nchi, huchaguliwa na mabunge ya kitaifa. Mwenye mzigo pale Busia hapigi kura ya kuwaingiza wala ya kuwatoa. Wapiga kura wa Nyanza Kaskazini walikuwa hivyo mwaka 1952. Ilipofika 1957 walipewa kura, wakaitumia.