Anzia Yezierska: Binti wa Wahamiaji na Mkate Wao

Anzia Yezierska alizaliwa miaka ya 1880 nchini Poland, iliyokuwa wakati huo chini ya himaya ya Urusi. Alikuwa bado mtoto familia yake ya Kiyahudi ilipohamia New York. Huko jina la ukoo likawa Mayer, naye akaitwa Hattie. Alipokomaa ndipo alipolirejesha jina alilozaliwa nalo.

Babake alikuwa mwanazuoni wa Talmudi. Kuitafutia familia riziki kuliwaangukia mama na watoto. Anzia alishona nguo na kufua kwa ujira, akaihama nyumba ya wazazi, na mwaka 1904 akahitimu kuwa mwalimu wa sayansi kimu. Uhuru huo ulikuwa na gharama: ndoa yake ya pili ilipovunjika, bintiye alilelewa na baba.

Hadithi zake fupi, Hungry Hearts, zilichapishwa mwaka 1920. Samuel Goldwyn alizinunua kwa dola 10,000 ili zifanywe filamu, na mwandishi akaalikwa Hollywood. Kalamu ilimgomea katika starehe ile, akarejea New York.

Mwaka 1925 ndipo ilipotoka riwaya yake bora, Bread Givers. Reb Smolinsky ana mabinti wanne. Anawafukuza wachumba waliopendwa na watatu wakubwa, kisha anawachagulia waume yeye mwenyewe. Bessie anaozwa mgane muuza samaki mwenye watoto. Kitinda mimba, Sara, anatoroka ili asome. Wahakiki wengi huishia kwenye taasubi ya kiume, na hapo, kwa maoni yetu, wanampunja mwandishi. Baba huyu si katili mtupu: elimu iliyomtukuza kijijini haina soko katika mtaa wa Hester. Hata lugha ya riwaya imesimama kati ya pande hizo mbili, kwani ni Kiingereza kilichofinyangwa kwa miundo ya Kiyidi. Sara, ambaye sasa ni mwalimu, anamkuta babake akichuuza chingamu barabarani, na inambidi kumkaribisha nyumbani pamoja na sheria zake zote.

Umaarufu wa Yezierska ulififia upesi. Wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 aliajiriwa katika mradi wa serikali wa waandishi. Alichapisha tawasifu mwaka 1950, akafariki California mwaka 1970. Bread Givers ilichapishwa upya mwaka 1975, miaka mitano baada ya kifo chake.