Albert Shanker na Wazo Lililomponyoka

Zipo fikra ambazo mwenye kuzibuni huishi akaziona zikitumiwa kinyume cha nia yake. Hayo ndiyo yaliyomfika mwalimu Albert Shanker wa Marekani.

Shanker alizaliwa jijini New York mwaka wa 1928, mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi. Babake alisambaza magazeti. Mamake alishona nguo kiwandani. Alianza kufundisha mwaka wa 1952, na punde akajitosa katika harakati za chama cha walimu, kwani mshahara ulikuwa duni na wakuu wa shule walikuwa wababe. Aliongoza migomo iliyoharamishwa na sheria, akatiwa gerezani mara mbili. Kuanzia 1974 hadi alipofariki mwaka wa 1997, alikuwa rais wa Shirikisho la Walimu la Marekani.

Mtetezi huyo wa walimu ndiye aliyesimama mwezi wa Machi 1988 akapendekeza shule za mkataba, jina alilolipata kwa msomi Ray Budde. Alitaka walimu wachache katika shule ya umma waruhusiwe kubuni mbinu mpya za kuwafaa wanafunzi waliotupwa nyuma na mafunzo ya kawaida. Idhini ingetoka kwa chama cha walimu na bodi ya elimu.

Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kwanza mwaka wa 1991, likawapa walimu viti vingi katika bodi za shule hizo. Mwaka uliofuata, City Academy ilifunguliwa mjini St. Paul kwa ajili ya vijana walioacha masomo. Lakini majimbo mengine yalishika njia yao. Sheria ya Arizona ya 1994 haikudai cheti cha ualimu. Kwingineko kampuni za kibiashara zilipata mwanya. Shanker akageuka mkosoaji mkali. Baada ya kifo chake, mnamo 2002, Pennsylvania ilitunga sheria ya shule za mkataba zinazofundisha kwa intaneti.

Waama, sheria ikitangaza kwamba shule ni huru bila kutaja uhuru huo ni wa nani, mwenye mali huwahi kuunyakua. Walimu na wanafunzi, mkiletewa mswada wa elimu, msishangilie jina lake tu. Ulizeni kwanza ni nani atakayeshika ufunguo wa darasa.