Bernard Herrmann: Mtunzi aliyetaka muziki wake usikike mzima

Nusu karne imepita tangu kufariki kwa Bernard Herrmann, Mmarekani aliyetunga muziki wa filamu za Citizen Kane, Psycho na The Snows of Kilimanjaro. Alipokuwa hai, baadhi ya kazi zake zilikatwa, zikapunguzwa na hata kutupwa. Leo wapenzi wa muziki wanazikusanya kipande kwa kipande, na mara nyingine wanazipata ndani ya sahani za video za nyumbani.

Kwa msikilizaji aliyeko Gitaza, Rumonge au Nyanza-Lac, huenda jina la Herrmann si maarufu kama majina ya waigizaji wa Hollywood. Ndivyo ilivyo kwa watunzi wengi wa muziki wa filamu: sauti yao inajulikana, wenyewe hawajulikani. Hata hivyo, filamu zake mbili zinagusa pande hizi za Afrika. Ya kwanza ni The Snows of Kilimanjaro ya mwaka 1952, yaani Theluji za Kilimanjaro. Ya pili ni White Witch Doctor ya mwaka 1953, ambayo kisa chake kimewekwa Kongo, nchi ambayo milima yake huonekana kutoka Gitaza, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hewa inapokuwa safi.

Alianzia kwenye redio

Herrmann alizaliwa mjini New York tarehe 29 Juni 1911, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Urusi. Akiwa na umri wa miaka 13 alikwishapata tuzo ya utunzi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha New York na katika shule ya muziki ya Juilliard, na alipofikia umri wa miaka 20 hivi aliunda okestra yake mwenyewe ya vijana.

Mwaka 1934 aliajiriwa na shirika la utangazaji la CBS. Redio ndiyo iliyomfunza kazi. Huko alitakiwa kutunga haraka, kwa wapigaji wachache, na kumfanya msikilizaji asiyeona chochote aone msitu, bahari au nyumba yenye giza. Baadaye akawa kiongozi mkuu wa okestra ya CBS, na aliitumia nafasi hiyo kuwapigia wasikilizaji kazi za watunzi waliokuwa wamesahauliwa au ambao bado hawajajulikana.

Redio ndiyo pia iliyomkutanisha na kijana Orson Welles. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, Welles alipotangaza mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mars, Herrmann ndiye aliyeongoza muziki. Muziki laini wa dansi ulikuwa ukikatizwa na taarifa za habari za kubuni, na baadhi ya wasikilizaji waliamini kwamba uvamizi ulikuwa wa kweli.

Hollywood na machungu ya kwanza

Welles alipokwenda Hollywood kutengeneza filamu yake ya kwanza, alimchukua Herrmann. Citizen Kane ilitoka mwaka 1941. Mwaka huohuo Herrmann alitunga muziki wa filamu ya All That Money Can Buy, na kazi hiyo ndiyo iliyompa tuzo ya Oscar, ya pekee katika maisha yake.

Mwaka 1942 alionja upande mwingine wa kazi hiyo. Studio ya RKO iliikata filamu ya pili ya Welles, The Magnificent Ambersons, bila ridhaa ya mwongozaji wake. Filamu ilipokatwa, muziki nao ulikatwa. Sehemu kubwa ya alichokitunga Herrmann iliondolewa, na vipande vya mtunzi mwingine vikawekwa mahali pake. Herrmann alidai jina lake lifutwe kwenye filamu hiyo, na likafutwa. Ilikuwa hatua ya nadra. Watunzi wengi walipokea mshahara wakanyamaza, kwa kuwa mkataba uliipa studio haki ya kuufanyia muziki ilivyopenda.

Msimamo huo ulilingana na namna yake ya kufanya kazi. Desturi ya Hollywood ilikuwa mtunzi kuandika rasimu, kisha mtu mwingine akagawa nota kwa kila ala. Herrmann aliona kwamba kuchagua ala ndiko kutunga kwenyewe, hivyo aliandika kila kitu kwa mkono wake. Matokeo yake yalikuwa okestra ambazo hazikufanana na za mwingine. Kwa filamu ya The Day the Earth Stood Still ya mwaka 1951 alitumia theremini mbili, ala ya umeme inayopigwa bila kuguswa. Kwa Journey to the Center of the Earth ya mwaka 1959 aliziacha fidla zote, akaweka vinanda vya kanisani.

Kilimanjaro na Kongo

The Snows of Kilimanjaro ilitokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway iliyochapishwa mwaka 1936, miaka michache baada ya mwandishi huyo kufanya safari ya uwindaji Afrika Mashariki. Gregory Peck aliigiza mwandishi anayeugua chini ya mlima huo wenye mita 5,895, akikumbuka wanawake aliowapenda na vitabu ambavyo hakuviandika. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa studio. Herrmann hakujaribu kuuchora mlima kwa ngoma. Alitunga muziki wa majuto, ukiwamo mwendo wa waltz unaorejea kama kumbukumbu inayokataa kuondoka.

White Witch Doctor ilimpa kazi tofauti. Kisa chake ni cha mwaka 1907, wakati Kongo ilikuwa bado mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Filamu iliitazama Afrika kwa macho ya Hollywood ya siku zile, na Herrmann naye hakuwa mtafiti wa muziki wa Kongo. Alikusanya ala nyingi za kugongwa, akajenga mapigo ambayo ni ya kwake mwenyewe. Mtazamaji wa Fizi au wa Rumonge asitafute humo ngoma za kwao. Atakachokikuta ni Mmarekani anayepima ukomo wa okestra yake.

Hitchcock: miaka 11 ya mafanikio

Kuanzia mwaka 1955 Herrmann alifanya kazi na mwongozaji Alfred Hitchcock. Katika The Man Who Knew Too Much ya mwaka 1956 anaonekana mwenyewe, akiongoza okestra katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Zikafuata Vertigo mwaka 1958, North by Northwest mwaka 1959 na Psycho mwaka 1960.

Kwa Psycho alitumia ala za nyuzi peke yake. Hitchcock alikusudia mauaji ya bafuni yapite bila muziki wowote. Herrmann alitunga licha ya hilo, akamsikilizisha, na mwongozaji akabadili mawazo. Kilio kile cha fidla sasa kinatambulika duniani kote, hata kwa watu ambao hawajaiona filamu yenyewe.

Urafiki huo ulivunjika mwaka 1966. Studio ilitaka filamu ya Torn Curtain iwe na muziki wa kisasa, wenye wimbo ambao ungeuzika madukani. Herrmann alifika na okestra ya ajabu, yenye filimbi 12, mabaragumu 16 na tromboni 9. Hitchcock aliingia studio wakati kurekodi kukiendelea, akasikiliza kidogo, akasimamisha kazi. Muziki ulitupwa na mtunzi mwingine, John Addison, akaitwa. Wawili hao hawakufanya kazi pamoja tena.

Herrmann alihamia London. Mfaransa François Truffaut alimpa filamu mbili, Fahrenheit 451 na The Bride Wore Black. Mtunzi alitumia miaka hiyo pia kurekodi upya kazi zake za zamani kwenye santuri, kana kwamba alijua hakuna mwingine wa kuziokoa. Alilipia mwenyewe kurekodiwa kwa opera yake, Wuthering Heights, ambayo hakuwahi kuiona jukwaani. Miezi michache kabla ya kufa alirekodi muziki wote wa Psycho.

Tarehe 23 Desemba 1975, mjini Los Angeles, alimaliza kurekodi muziki wa filamu ya Taxi Driver ya Martin Scorsese. Usiku huo alifariki usingizini, akiwa na umri wa miaka 64.

Muziki uliofichwa ndani ya sahani

Kwa nini muziki wa mtu maarufu kiasi hicho ukawa wa kutafutwa? Jibu liko katika namna filamu inavyotengenezwa. Sauti ya filamu huandaliwa katika mafungu matatu: mazungumzo, muziki, na milio mingine kama hatua, milango na risasi. Mwishoni mafungu hayo huchanganywa, na muziki hupunguzwa kila mtu anapozungumza. Santuri zilizouzwa zilikuwa na dakika chache zilizoteuliwa, na filamu nyingi hazikupata santuri kabisa. Tepe za awali zilibaki kwenye maghala ya studio. Baadhi zilihifadhiwa vizuri, nyingine ziliharibika au kutupwa.

Zilipokuja sahani za leza, kisha DVD na Blu-ray, kulikuwa na nafasi ya kuweka njia kadhaa za sauti kwenye filamu moja. Baadhi ya kampuni zikaweka njia yenye muziki mtupu. DVD ya North by Northwest iliyotolewa mwaka 2000 ilikuwa nayo: mtazamaji huwaona waigizaji wakifungua vinywa bila kusikika, na okestra pekee ikiendelea. Kampuni ya Marekani ya Twilight Time, iliyoanza mwaka 2011, ilifanya hivyo kwa filamu nyingi, zikiwamo Journey to the Center of the Earth na Mysterious Island. Nyingi kati ya sahani zake zilitolewa nakala 3,000 tu.

Wakusanyaji hunakili njia hiyo kwenye kompyuta, huondoa vipindi vya ukimya, na kutenga kila kipande kwa jina lake. Kazi hiyo ina mitego. Kilichokatwa kwenye filamu mara nyingi hakimo pia kwenye njia ya muziki. Aidha, filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini DVD nyingi za nchi zenye mfumo wa picha 25 huiendesha haraka zaidi. Filamu ya dakika 100 humalizika kwa dakika 96, na muziki wote hupanda sauti. Asiyelijua hilo huhifadhi okestra ambayo Herrmann hakuisikia kamwe.

Umuhimu wa mafungu hayo unaeleweka vyema katika nchi zetu. Yeyote aliyewahi kutazama filamu iliyosimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi kama marehemu Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya amesikia muziki ukididimia chini ya sauti ya msimulizi. Wasimulizi hawa hawapewi fungu la muziki na milio ambalo studio huwapa watafsiri rasmi, hivyo huzungumza juu ya kila kitu.

Maghala nayo yamefunguliwa. Studio ya 20th Century Fox ilikuwa na mazoea ya kurekodi okestra kwa maikrofoni zaidi ya moja, na mwaka 2011 kampuni ya Varèse Sarabande ilitoa mkusanyo wa sahani 14 za kazi alizoifanyia studio hiyo, Kilimanjaro ikiwamo. William Stromberg na okestra ya simfoni ya Moscow walikwishaurekodi upya muziki huo wa Kilimanjaro. Hati zake nyingi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara.

Muziki uliokataliwa wa Torn Curtain haukupotea. Mtunzi Elmer Bernstein aliurekodi upya mwaka 1977, na DVD ya filamu hiyo ikaja na baadhi ya matukio yakiwa na muziki wa Herrmann uliorekodiwa kabla Hitchcock hajasimamisha kazi. Mtazamaji anaweza sasa kulitazama tukio moja mara mbili, kwanza kwa muziki wa Addison, kisha kwa ule wa Herrmann, na kuamua mwenyewe nani alikuwa na haki siku ile studio.